Kioo Kimoja, Picha Tatu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Prokudin-Gorsky na Picha za Rangi za Mwanzo

Kila nikiwaonyesha watu picha za rangi za Sergei Prokudin-Gorsky, mpigapicha wa Urusi ya wafalme, maswali ni yaleyale na hata mpangilio wake haubadiliki. Kwanza hawaamini. Halafu wanauliza alifanyaje. Mwisho wanataka kujua kama na wao wanaweza. Nimeyakusanya majibu hapa ili nisiwe narudia. Mengine yamekuwa marefu kwa sababu nayapenda, mengine nimeyapita haraka.

Hivi kweli hizi ni picha za zaidi ya miaka mia moja iliyopita? Si kompyuta imezipaka rangi?

Ni za kweli. Nyingi zilipigwa kati ya 1909 na 1915, na rangi unayoiona ilinaswa siku ileile picha ilipopigwa. Kompyuta imefanya kazi moja tu, kuunganisha picha tatu ambazo mwenyewe aliziacha zimetengana.

Watu huzichanganya na zile picha za studio za zamani zilizopakwa rangi kwa brashi. Bibi yangu anayo moja: midomo ya waridi, mashavu ya waridi, na gauni la kijani ambalo yeye mwenyewe anaapa lilikuwa la njano. Fundi aliona kijani inapendeza, akapaka kijani. Kwa Prokudin-Gorsky hakuna aliyechagua. Kama joho ni la buluu, ni kwa sababu mwanga wa buluu ulitoka kwenye lile joho ukaingia kwenye kamera.

Alikuwa nani huyu?

Mrusi, mkemia, mtoto wa familia ya kikabaila. Alizaliwa 1863 huko Funikova Gora, mkoa wa Vladimir. Mwaka 1890 alioa binti wa mwenye kiwanda cha vyuma, Anna Lavrova, akaingia kwenye uongozi wa kiwanda hicho karibu na Saint Petersburg. Kwa hiyo mkate wa kila siku haukuwa tatizo, na jambo hilo lina uzito kuliko wasifu mwingi unavyokubali: majaribio ya picha za rangi yalikuwa yanakula pesa. Mwaka 1901 akafungua studio na maabara yake Saint Petersburg. Mwaka 1902 akaenda Berlin kujifunza kwa Profesa Adolf Miethe, aliyekuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa kemia ya picha wakati huo. Alikaa huko wiki sita hivi. Kuanzia 1906 alikuwa mhariri wa jarida la wapigapicha wa Urusi.

Picha nyeusi na nyeupe inatoaje rangi?

Hapa ndipo watu huchoka kunisikiliza, nami ndipo ninapopapenda.

Enzi hizo picha ilinaswa kwenye kioo, yaani bamba la kioo lililopakwa dawa inayonasa mwanga. Ukiwa na kioo chake mkononi huoni rangi hata moja. Unaona bamba refu jembamba, upana kama sentimita 9 na urefu kama 24, lenye picha tatu za kitu kimoja zilizopangwa juu, kati na chini. Zote ni negativu za kawaida, nyeusi na nyeupe, yaani penye mwanga panaonekana peusi na penye giza peupe. Ya juu ilipigwa kupitia filta ya buluu (kichujio kinachopitisha mwanga wa rangi yake tu), ya kati filta ya kijani, ya chini filta nyekundu.

Chukua picha yake inayojulikana kuliko zote, ya Alim Khan, amiri (mtawala) wa Bukhara, Asia ya Kati, aliyoipiga 1911. Amiri ameketi, kilemba cheupe kichwani, mkono umeshika upanga, na mwili wote umefunikwa na joho la buluu lenye maua. Ukizitazama zile picha tatu moja moja baada ya kugeuzwa kutoka kwenye negativu, utashangaa: ni kama mtu amevaa majoho matatu. Kwenye ile ya filta ya buluu, joho limeng'aa kama limefuliwa likapauka. Kwenye ile ya filta nyekundu, joho hilohilo ni jeusi. Kitambaa cha buluu kinarudisha mwanga wa buluu na kuumeza mwekundu. Filta ya buluu ikaupokea mwanga huo, filta nyekundu haikupata cha kupokea.

Sasa rusha picha hizo tatu ukutani, kila moja kwa mwanga wa rangi ya filta yake, halafu zilaze moja juu ya nyingine bila kupishana hata nywele. Penye joho, mwanga wa buluu unapita kwa wingi na mwekundu unazuiwa, basi ukuta unakuwa wa buluu. Penye kilemba, mianga yote mitatu inapita, ikikutana inakuwa nyeupe. Penye kivuli hakuna unaopita. Ukuta wenyewe unampaka amiri rangi.

Anayejua rangi za kopo ataniuliza: nyekundu na kijani ukichanganya si unapata rangi ya tope? Kwenye kopo, ndiyo. Kwenye mwanga unapata njano. Usinibishie, washa tochi mbili, moja ya mwanga mwekundu na moja wa kijani, ujaribu.

Wazo hilo lilikuwa lake?

Hapana. Ni la James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Uskoti, aliyelieleza mwaka 1855. Tarehe 17 Mei 1861 alilionyesha mbele ya watu Royal Institution, London, kwa picha tatu za utepe wa kitambaa cha mistari zilizopigwa na Thomas Sutton. Ufaransa nako, mwaka 1869, Louis Ducos du Hauron na Charles Cros walijitokeza wakati mmoja na njia zao za rangi, kila mmoja akiwa amefika kivyake.

Onyesho la Maxwell lina kichekesho chake. Dawa za picha za 1861 zilikuwa hazioni mwanga mwekundu kabisa, kwa hiyo ile picha ya filta nyekundu haikupaswa kutokea. Ilitokeaje? Miaka mia moja baadaye, 1961, watafiti wa Kodak wakarudia jaribio na kupata jibu: filta nyekundu ya Sutton ilikuwa inapitisha mionzi ya urujuanimno, na ile rangi nyekundu ya utepe nayo ilikuwa inairudisha mionzi hiyo. Kioo kilinasa mionzi ambayo hakuna mtu ukumbini aliyeiona, na yote ikaangukia mahali pake. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba picha maarufu ya kwanza ya rangi ilifaulu kwa bahati, na si vibaya kukubali hivyo.

Kwa nini nyekundu iliwasumbua kiasi hicho?

Kama umewahi kuingia kwenye chumba cha giza cha studio, jibu unalijua bila kujijua. Mimi nilijifunza kusafisha picha Tanga, nyuma ya pazia zito jeusi lililonuka dawa, na mle ndani palikuwa na balbu moja nyekundu. Ile balbu iliachwa iwake kwa sababu karatasi ya kusafishia picha haioni nyekundu. Kwa karatasi hiyo, mwanga mwekundu ni giza.

Vioo vya karne ya 19 vilikuwa hivyohivyo. Chumvi za madini ya fedha zinazonasa mwanga hupokea buluu na urujuani tu. Ndiyo maana katika picha za zamani anga ni jeupe tupu na mtu aliyevaa nyekundu anaonekana yuko msibani. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba ukitia rangi fulani kwenye dawa, kioo kinaanza kuona kijani. Nyekundu ikabaki ngumu. Mwaka 1902 Miethe na mwenzake Arthur Traube wakapata rangi iliyofungua mlango huo, na mwaka huohuo ndipo Prokudin-Gorsky alipobisha hodi Berlin. Aliporudi nyumbani aliendelea kuchanganya mwenyewe, na kufikia 1905 alikuwa na dawa yake iliyofanya kioo kione rangi zote kwa uwiano mzuri zaidi.

Kioo kinachoona rangi zote kina adhabu yake: balbu nyekundu haisaidii tena. Unafanya kazi gizani kabisa, kwa kupapasa, na hicho ni kioo, si plastiki. Anayesema kazi hii ilikuwa ya kubonyeza tu hajawahi kudondosha negativu ya kioo.

Kamera yenyewe ilikuwaje?

Fikiria kamera ya sanduku kwenye stendi, yenye lenzi moja, na nyuma yake kishikio kirefu cha kioo kinachoteleza. Unapiga sehemu ya kwanza kupitia filta ya kwanza, kishikio kinashuka hatua moja pamoja na filta yake, unapiga ya pili, kinashuka tena, unapiga ya tatu. Miethe alikuwa na kamera ya namna hiyo iliyotengenezwa na fundi wa Berlin, Wilhelm Bermpohl. Kazi yote ya shughuli hiyo ni moja: kamera isitikisike kati ya picha na picha.

Mbona maji yake yana upinde wa mvua?

Kwa sababu maji hayakukaa kusubiri.

Jengo, mlima na kanisa ni vilevile katika picha zote tatu, basi rangi zinalaliana vizuri. Wimbi, moshi, jani na mkia wa farasi kila kimoja kimehama. Pale picha nyekundu ilipokuta povu jeupe, picha ya kijani imekuta maji, na ya buluu imekuta kitu kingine. Ukiunganisha, mto unapata vipande vya rangi ambazo hazikuwepo. Kuna picha yake mwenyewe ameketi juu ya jiwe kando ya mto Karolitskhali, karibu na Batumi, ana suti na kofia. Yeye ametulia kama jiwe alilokalia. Mto nyuma yake umeripuka rangi.

Watu hufuta kasoro hizo kwenye kompyuta. Mimi siwasaidii kufanya hivyo. Katika picha hizi, mahali pekee ambapo unaona muda ukipita ni pale rangi zilipokataa kulaliana: upepo uliovuma sekunde ile, mtoto aliyechoka kusimama. Nenda kwenye picha za watu waliopangwa kwa safu uangalie ukingo wa nguo na nyuso za wadogo. Utamjua aliyecheka.

Nasikia alimpiga picha Tolstoy.

Ndiyo, Mei 1908, nyumbani kwa mwandishi huyo Yasnaya Polyana, Tolstoy akiwa anaelekea miaka 80. Ameketi bustanini, blauzi ya buluu ya kikulima, buti miguuni. Ndiyo picha ya rangi ya Tolstoy iliyopigwa akiwa hai, na ilichapishwa ikasambaa hata kwenye kadi za posta. Ikampa Prokudin-Gorsky jina, na jina likamfikisha kwenye nyumba ya mfalme.

Mfalme wa Urusi alihusikaje?

Mei 1909 Prokudin-Gorsky alikwenda Tsarskoye Selo na projekta yake, akamrushia Tsar Nicholas II na familia yake picha ukutani. Aliomba kitu kikubwa: apewe nafasi ya kuipiga picha himaya nzima kwa rangi, picha 10,000 kwa miaka kumi, ili watoto mashuleni waione nchi yao. Tsar akakubali. Akapewa behewa la treni lililogeuzwa chumba cha giza, vyombo vya kusafiria mitoni, na karatasi mbili za thamani kuliko behewa: moja ya kumruhusu kuingia sehemu zilizokuwa zimefungwa, nyingine ya kuwaamuru maofisa wamsaidie.

Vioo na dawa alinunua kwa fedha zake. Hapo utakumbuka kile kiwanda cha baba mkwe.

Alifika wapi, na alipiga nini?

Alianza 1909 na njia za maji za Mariinsky, kisha milima ya Ural, mto Volga, Turkestan, Caucasus, na mwishoni reli ya Murmansk wakati wa vita, ambako wanaonekana mateka wa kivita wa Austria na Hungaria. Asia ya Kati alikuwa ameshaonja mapema: Januari 1907 alikwenda kupiga picha kupatwa kwa jua, mawingu yakaziba, akageukia misikiti ya Samarkand na Bukhara. Safari iliyoharibika ikampa kazi nzuri kuliko aliyoifuata.

Madaraja, mabwawa, viwanda, nyumba za watawa, wachuma chai wa Chakva, wasichana watatu wa kijijini kando ya mto Sheksna walioshika sahani za matunda ya porini. Bukhara kuna picha ya wafungwa wakichungulia kutoka kwenye nondo za gereza, askari amesimama nje na bunduki.

Huwa naulizwa kama picha hizi zinaonyesha Urusi "ilivyokuwa". Zinaonyesha Urusi aliyoruhusiwa na aliyotaka kuionyesha. Nchi hiyo ilikuwa imetoka kwenye machafuko ya 1905 na ilikuwa inaelekea mapinduzi ya 1917, lakini ukizipitia picha zote utadhani watu walikuwa wamesimama vizuri tu wakisubiri kupigwa. Na kweli walikuwa wamesimama, maana kamera iliwalazimu. Mgomo hausimami sekunde kadhaa. Kibali cha mfalme nacho kinafungua milango, na palepale kinachagua ni mlango upi.

Bila kompyuta, watu wa wakati ule walizionaje?

Kwa projekta ya lenzi tatu, chumba kikiwa na giza. Kila lenzi na filta yake, na fundi anasogeza taratibu hadi zilaliane. Picha chache zilichapishwa kwa wino, kama ile ya Tolstoy. Kwenye albamu zake alibandika nakala za rangi moja, za kahawia, kama kumbukumbu ya alichokipiga wapi. Kwa hiyo hata mwenye albamu hizo mkononi hakuwa anaona rangi.

Ndugu Lumière wa Ufaransa walikuwa wameshaleta autochrome, njia nyingine ya picha za rangi, mwaka 1907. Kwa nini asitumie hiyo?

Swali zuri, huja mara chache. Autochrome ilikuwa kioo kimoja chenye chembe ndogo sana za wanga wa viazi zilizotiwa rangi tatu, zikinyunyizwa juu ya kioo chini ya dawa. Unapiga mara moja, umemaliza. Hakuna kuhama kwa rangi. Lakini picha inatoka nyeusi-nyeusi, kwa sababu mwanga mwingi unapotea kwenye chembe, na unabaki na kioo kimoja kisichotoa nakala kirahisi. Mtu aliyetaka kuzirusha picha ukutani darasani na kuzichapisha kwa wingi alihitaji negativu tatu. Kwa kazi yake alichagua sawasawa. Kwa kazi ya mtu anayetaka kumpiga picha mkewe bustanini, ningesema chukua autochrome.

Je, njia hii ilifika Afrika Mashariki?

Ilifika, na ilifika mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Miethe huyohuyo wa Berlin alikuwa na mwanafunzi mwingine, mkemia Robert Lohmeyer. Kabla ya 1910 Lohmeyer alizunguka makoloni ya Ujerumani barani Afrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani ikiwemo, akipiga kwa mtindo uleule wa picha tatu. Kazi hiyo ilitoka kwenye vitabu vikubwa vya kifahari vilivyowaonyesha Wajerumani makoloni yao.

Zitazame, lakini zitazame ukiwa na kalenda. Vita vya Maji Maji vilikuwa 1905 hadi 1907, na kusini mwa nchi watu walikufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Vitabu vile vilitengenezwa ili msomaji wa Ujerumani apende alichokiona. Nilipozionyesha mara ya kwanza kwenye darasa langu, kijana mmoja aliuliza: "Mwalimu, mbona kumetulia hivi?" Nikamwambia njia yenyewe haiwezi kupiga kisichotulia, lakini nilijua kwamba hilo ni nusu ya jibu.

Ilikuwaje picha za Urusi zikaishia Marekani?

Baada ya mapinduzi, mwaka 1918, Prokudin-Gorsky aliondoka Urusi. Alipita Norway, Uingereza, na mwishowe Ufaransa. Kwa hesabu zinazotajwa alikuwa na negativu kama 3,500, na karibu nusu zilizuiliwa asitoke nazo. Zilizobaki zilikaa kwenye ghala la chini la jengo la makazi Paris. Alifariki Paris Septemba 1944. Alim Khan, yule amiri wa joho la buluu, aliyekimbia nchi yake baada ya Jeshi Jekundu kuichukua Bukhara 1920, alifariki Kabul mwaka huohuo wa 1944. Wote wawili ugenini.

Mwaka 1948 Maktaba ya Bunge la Marekani ilinunua mkusanyiko kutoka kwa warithi wake: negativu 1,902 na nakala 710 za albamu ambazo vioo vyake havipo. Mwaka 2000 vioo vyote vilisomwa kwa mashine, na 2001 yakafanyika maonyesho ambayo Walter Frankhauser aliunganisha picha 122, moja moja, kwa mkono. Mwaka 2004 Blaise Agüera y Arcas akaandika programu ya kuziunganisha zote 1,902. Fikiria: mtu alisafiri miaka sita, na himaya yake ilianza kuonekana kwa rangi kamili baada ya miaka karibu tisini.

Rangi tunazoziona leo ni sahihi kabisa?

Karibu, si kabisa. Anayeunganisha ndiye anayeamua mwanga mwekundu uwe na nguvu kiasi gani dhidi ya kijani na buluu. Ukipata matoleo mawili ya picha moja, moja linaweza kuwa na joto zaidi. Uhusiano wa rangi ndani ya picha ni wa kweli: kilichokuwa chekundu kuliko jirani yake kitabaki hivyo. Mikwaruzo, nyufa na dawa iliyobanduka pembeni ni za vioo vyenyewe.

Hii inahusiana vipi na simu yangu?

Kwa karibu sana. Sensa ya simu yako haioni rangi. Juu ya kila pikseli kuna filta ndogo, nyekundu, kijani au buluu, na kijani ni mara mbili ya zingine. Mpangilio huo ni wa Bryce Bayer wa Kodak, hataza ya 1976. Ni Maxwell yuleyule aliyewekwa kwenye kitu kidogo kuliko ukucha, isipokuwa simu inapiga zote tatu kwa mpigo mmoja. Vyombo vya anga vimeendelea na njia ya zamani: Voyager ilipopita kwenye Mshtarii 1979 ilipiga picha moja moja kupitia filta, zikaunganishwa duniani.

Naweza kujaribu mwenyewe nyumbani?

Unaweza, na nakusihi ujaribu, maana dakika kumi za kufanya ni bora kuliko ukurasa huu wote.

Mimi nilianzia uani. Nilikuwa na simu, stendi ya bei rahisi, na kanga nyekundu na nyeupe ya mke wangu kwenye kamba ya kuanikia. Nilijaribu kwanza na zile karatasi za plastiki za rangi za kufungia zawadi, nikakuta hazifai: ya kijani inapitisha kila kitu. Nikarahisisha. Piga picha tatu za kawaida bila kugusa stendi, ukiacha sekunde kumi au kumi na tano katikati. Funga mipangilio ya mwanga na ya rangi, la sivyo simu itajirekebisha yenyewe na kukuharibia. Kisha kwenye programu ya GIMP, ambayo ni ya bure, chukua chaneli nyekundu (sehemu ya rangi hiyo peke yake) ya picha ya kwanza, kijani ya picha ya pili, buluu ya picha ya tatu, uziunganishe ziwe picha moja.

Ukuta ulitoka safi, ungedhani nimepiga mara moja. Kanga ilipigwa na upepo kidogo, na pindo lake likatoka na mistari ya rangi. Jina lake halikusomeka, maana herufi zilikuwa zimeandikwa mara tatu. Na kuku mweupe wa jirani alikuwa amekatiza uani bila kuagwa, juu ya udongo mweusi uliomwagiwa maji. Kwenye picha ya mwisho wapo kuku watatu: mwekundu, wa kijani, wa buluu, wakifuatana kama wanakwenda sokoni.

Kama kuku wako ni mweusi na udongo ni mweupe, rangi zitageuka: utapata wa samawati, wa waridi iliyokolea na wa njano. Kaa ufikirie kwa nini. Ukipata jibu bila msaada, umeielewa kazi ya Prokudin-Gorsky.

Nizipate wapi hizo picha, na ni halali kuzitumia?

Zipo kwenye mkusanyiko wa mtandaoni wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unapakua bure, na maktaba inasema haijui kizuizi chochote cha kuzichapisha. Kwa kila picha utakuta faili la rangi na faili la kioo kizima. Pakua la kioo kizima. Anza na mzee Pinkhus Karlinsky, msimamizi wa lango la maji la Chernigov: alikuwa na miaka 84, 66 kati yake akiwa kazini. Anasimama bila kutikisika, kwa hiyo ni rahisi kumuunganisha. Kata vipande vitatu, vilinganishe kwa medali zilizo kifuani, kisha ndevu. Faili la rangi lifungue baadaye, uone umekosea wapi.